Ikwa ya Nyuma ya Boma

Juzi nilimenya ikwa jikoni kwangu bila kupaka mafuta mikononi kwanza, na kabla sijamaliza kipande cha kwanza viganja vikaanza kuniwasha. Si kuwasha kwa mchezo. Ni kule kuwasha ambako kadiri unavyojikuna ndivyo kunavyopanda, kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko, mpaka unajisugua kwenye kona ya meza kama ng'ombe mwenye kupe. Binti yangu akaniangalia akasema, "Mama, si ungepika tu wali?" Nikamwambia anyamaze, aniletee jivu. Jivu litoke wapi, na jiko letu ni la gesi? Basi nikasimama pale mikono juu, nawashwa huku nacheka peke yangu, na guka yangu, babu mzaa baba, akanijia mzima mzima, na koti lake, na miguu yake mitupu, na ile harufu yake ya udongo uliolowa.

Ninyi wa rika langu mliolelewa huku kwetu Embu mnaijua ikwa. Vitabuni wanaiita kiazi kikuu, na ukuu huo inastahili. Viazi vya kawaida tulikula kila siku hata tukavichukia, lakini ikwa haikuja mezani hivi hivi. Ilikuwa chakula cha mgeni, cha mzee, cha siku yenye maana. Ukiona cucu, nyanya yetu, anasafisha sufuria kubwa na kukata majani ya mgomba ya kufunikia, unajua kuna jambo.

Kwa guka ni chini kidogo ya Karurumo, upande unaoteremka kwenda mtoni. Mama yangu alikuwa mwalimu na alikuwa amehamishiwa shule ya mbali, huko Ishiara kwenye joto, naye baba alifanya kazi Nairobi, kwa hiyo mimi na kaka yangu Njeru tuliachwa tukae na guka na cucu. Njeru alinizidi umri kidogo tu, lakini alijibeba kama mzee wa kanisa. Mimi nilipewa jina la cucu, Wawira, kwa sababu kwetu msichana wa kwanza huchukua jina la mama ya baba yake. Ndiyo maana guka aliniita bibi yake. "Mimi nimeoa wawili," aliwaambia watu tukitoka kanisani. "Wote ni Wawira, na wote wananigombeza."

Guka alikuwa na koti moja kuukuu la bluu ambalo cucu aliapa mara nyingi kulichoma. Mifuko yake ilikuwa ghala. Mbegu za kunde zilikuwa huku, za malenge kule, na njahi, yale maharagwe meusi, kwenye mfuko wa kifuani. Wakati mmoja alinyeshewa, akalitundika nyuma ya mlango likiwa limelowa chepechepe, akalisahau. Cucu alipokwenda kulichukua alifue, akakuta njahi zimechipua mfukoni. Alipiga kelele hadi majirani wakasikia. "Mzee! Sasa unalima hata nguo?" Guka hakuona haya hata chembe. Alituita mimi na Njeru tuje tuone, akavitoa vile vichipukizi polepole, kimoja kimoja, akatupa tukavipanda kando ya ua. Vilizaa, na cucu akazila hizo njahi kama sisi wote, ingawa alikuwa akinung'unika.

Hivyo ndivyo tulivyofundishwa shamba. Hakutuamrisha. Alikuwa na mchezo wake wa kutufunga macho kwa leso ya cucu, halafu anaponda jani kati ya vidole na kutuwekea puani. Dania nilijua. Jani la nyanya nilijua hata kabla halijafika puani. Jani la mpera lilinisumbua, nikisema ni mwembe, na Njeru akijifanya anajua kumbe anachungulia chini ya leso. Tukishayajua majani, guka akahamia kwenye udongo. Alichota wa chini ya migomba, wa katikati ya kahawa, wa kule mtoni, akatuuliza umetoka wapi. Ukikosea hakukucheka. Alikushika mkono akakurudisha pale alipouchota, mkainama wote wawili, mkanusa tena. Watu wengi wa wakati ule walilima kama waliohukumiwa, na wala siwalaumu, kwa maana jembe ni jembe. Guka alikwenda shambani kama mtu aliyealikwa, na aliyemwona asubuhi alitamani kumfuata.

Lakini moyo wake hasa ulikuwa kwenye ikwa. Zilikuwa kule juu ya shamba, kila moja na mti wake wa kupandia. Mti huo tunauita mutungugu. Ukikata tawi lake ukalidunga ardhini mvua ikianza, linashika mizizi lenyewe, na ikwa inajizungusha juu yake mpaka kileleni. Guka hakukubali jembe lifike hapo. "Jembe halina macho," alisema. Alichimba kwa mti mgumu uliochongwa ncha, halafu kwa vidole, amelala kifudifudi, mkono wote umezama hadi begani na shavu liko kwenye udongo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na guka hakuinama tu, alilala kabisa. Akishaipata alikata sehemu ya kula, akaacha kichwa palepale shimoni, akakipaka jivu kwenye kidonda, akafukia kwa majani makavu ya mgomba. Kichwa kile kingezaa tena. Moja ya zile ikwa ilipandwa na baba yake, na ilikuwa bado inatulisha.

Mvua zilipokaribia mwaka mmoja, guka alimkatia Njeru kichwa cha ikwa na tawi la mutungugu, akamwonyesha pa kuchimba, akamwambia, "Hii ni yako mpaka uzeeke." Njeru akafura kifua. Mimi nilisimama nyuma yake nikingoja zamu yangu, mikono ya nguo nimeshaikunja tayari. Zamu haikuja. Guka alianza kukusanya vyombo.

"Na mimi je?" nikauliza.

Cucu alikuwa hapo karibu anapalilia maharagwe, na ndiye aliyenijibu. "Wewe ni mtoto wa kike. Wewe utapanda nduma kule mtoni, na viazi vitamu. Ikwa ni ya wanaume."

"Kwa nini?"

"Ikwa inaogopa mwanamke. Ikimsikia inakimbia, inaingia chini kabisa. Huioni tena."

Cucu hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anavyosema kwamba mto unateremka. Guka naye alikohoa, akatazama pembeni, akafunga vifungo vya koti. Nilinuna siku nzima, nikakataa hata kula, na usiku nikalala nimewageuzia mgongo watu wote wa nyumba hiyo.

Sasa, mtoto huchukua neno jinsi alivyopewa. Mimi nilielewa kwamba ikwa ina masikio, na kwamba ina njia zake huko chini za kukimbilia. Hofu ikaniingia. Nikipita kule juu kwenda kuokota kuni nilinyata kwa ncha za vidole, nimebana pumzi, nisije nikazifukuza ikwa zote za guka yangu tukabaki bila chakula cha wageni. Baadaye hofu ikapungua, nikaanza kufikiri. Ikwa iko chini ya ardhi. Haina macho. Inajuaje huyu ni mwanamke na huyu ni mwanamume? Nilifikiri mpaka kichwa kikauma, nikapata jibu. Ni rinda! Inasikia rinda likipiga miguu.

Mchana mmoja, Njeru akiwa ametumwa dukani, nilichukua kaptura yake ya shule kwenye kamba ya nguo, nikaivaa, nikaifunga kiunoni kwa kamba ya mgomba isianguke, nikapanda kule juu. Nilitembea kwa kishindo. Nikakohoa kama guka. Nikatema mate kando, jambo ambalo cucu angenichapa akiliona. Nikasimama wima mbele ya ikwa ya Njeru, mikono nyuma, nikaiambia kwa sauti nzito, "Habari ya mchana."

"Nzuri," sauti ikajibu.

Haki ya Mungu, nusura nizimie. Kumbe ni guka, ameketi nyuma ya mgomba ananoa panga lake.

"Wewe kuja hapa," akasema. "Unafanya nini na kaptura ya Njeru?"

Nikamwambia yote, huku machozi yananitoka kwa woga na aibu. Nilimweleza kuhusu masikio ya ikwa, na rinda, na jinsi nilivyokuwa nikibana pumzi. Nilingoja acheke. Ukweli ni kwamba midomo ilimcheza kidogo. Lakini hakucheka. Aliweka panga chini akanikalisha kando yake, akatazama ile miti yake.

"Hilo la kuogopa wanawake," akasema, "mimi niliambiwa na baba yangu. Yeye aliambiwa na baba yake. Lakini sijui kama kuna mtu aliwahi kuiuliza ikwa yenyewe."

"Sasa?"

"Sasa tuiulize. Lakini kwanza toa kaptura ya watu kabla mwenyewe hajarudi. Uvae rinda lako. Kama tunaiuliza tuiulize vizuri, isikuje kusema baadaye ati tuliidanganya."

Mpaka leo nikikumbuka maneno hayo moyo wangu unajaa. Nilikuwa mtoto mwenye kamasi, nimevaa nguo ya kuiba, nimesema upuuzi mtupu, na mzee yule mwenye mvi akaupokea upuuzi wangu kama swali la mtu mzima. Nimekutana na walimu wengi maishani, wengine wazuri kabisa. Sijaona aliyenisikiliza hivyo.

Basi tukala njama. Hakutaka vita na cucu, wala mimi sikutaka. Akachagua pahali nyuma ya boma la ng'ombe, kwenye kona ya ukuta wa mawe, ambapo hapakuwa na njia na hakuna mtu alikuwa na sababu ya kusimama. Samadi ilikuwa papo hapo. Alikata kichwa kutoka kwenye ile ikwa ya baba yake, si kwenye hizi za juzijuzi, akanipa mkononi. Kilikuwa kizito, cha baridi, na ganda lake gumu kama la mti. Kisha akanipa tawi la mutungugu na ule mti wa kuchimbia, akakaa juu ya jiwe. Hakunishikia. Nilichimba nikatoka jasho, nikamwambia nimechoka, akaniambia pumzika basi. Nilipopumzika akaniambia niimbe.

"Niimbe nini?"

"Chochote. Isikie vizuri ni nani yuko hapa."

Nikaimba nyimbo zote za Sunday school nilizozijua, nikizungusha rinda langu juu ya shimo, huku guka akipiga makofi polepole juu ya jiwe lake.

Mvua ikaja. Mutungugu ukatoa majani, na siku moja nikaona kidole chembamba chenye rangi ya zambarau kimejitokeza udongoni, kimeinamia mti. Nilikimbia kumtafuta guka shamba zima, na nilipompata nikawa naonyesha tu kwa mkono. Akaacha kazi yake akaja mbio pekupeku, mzee mzima, tukachuchumaa pale tukaitazama. "Imekukubali," akasema. Furaha niliyokuwa nayo sijui niiweke wapi kwenye maneno. Kila nikitoka shule nilipita nyuma ya boma kwanza, nikaiangalia imepanda hadi wapi, nikairudisha pale ilipopotea njia, nikaiongezea samadi kidogo. Ilipita kichwa changu. Ilipita kichwa cha guka.

Kisha kiangazi kikaingia, na majani ya ikwa yangu yakaanza kugeuka manjano. Nilifikiri ni kiu. Nikaimwagia maji, nikayaiba hata maji ya kuoshea miguu. Yakazidi kukauka. Mwishowe yakawa ya kahawia, na kamba zake ukizigusa zinavunjika. Wengine wangesema imekufa, lakini mimi nilijua jambo baya zaidi. Nilijua imenikataa. Ilikuwa imenivumilia, ikanipima, na mwishowe ikakimbia, kama cucu alivyosema. Sikuwa nimekwenda kule juu kuona ya Njeru na za guka zikoje, kwa maana bado niliogopa kuzifukuza, kwa hiyo sikujua kwamba zote zilikuwa zimekauka vilevile. Sikumwambia mtu. Sikula vizuri. Nilijiona kama mtu aliye na harufu mbaya ambayo kila kitu kinaisikia isipokuwa yeye.

Guka aliniona nimekaa nyuma ya boma nimeshika ile kamba kavu, akaja akauliza kuna nini. Nikamwambia, "Imenikimbia, guka."

"Nani amesema?"

"Si unaona mwenyewe?"

"Mimi naona majani. Kwani ulipanda majani?" Akapiga magoti, akaondoa takataka juu ya shimo, akalegeza udongo kwa ule mti wake. "Lala chini. Weka mkono."

Nikalala kifudifudi kama nilivyomwona akifanya, shavu kwenye udongo, nikaingiza mkono. Ulikuwa udongo mlegevu, wa baridi huko chini hata katika jua lile. Nikapapasa, hakuna kitu. Nikasukuma mkono hadi begani. Na vidole vyangu vikagusa kitu kigumu, kinene, chenye mizizi midogo kama nywele.

"Iko?" guka akauliza.

"Iko, guka! Iko!"

"Imelala. Hata wewe usiku si unafunga macho?"

Sikutaka kuutoa mkono. Nilibaki nimelala vilevile, nimeshika ikwa yangu huko chini, na guka akakaa kando akinifukuzia nzi. Mvua iliporudi, nayo ikarudi. Kiangazi kilichofuata ikalala tena, na mara hii mimi ndiye niliyemweleza guka asiwe na wasiwasi.

Sasa nifike kwa shangazi Igoki. Huyu alikuwa binti wa mwisho wa guka, fundi wa kushona nguo pale Runyenjes, na alikuwa amempenda kijana mmoja wa upande wa Ishiara kiasi cha kuunguza mboga kila jioni. Mambo yakafika mahali pake, wazee wa kijana wakatuma habari kwamba watakuja kuposa. Nyumba ikapakwa chokaa. Cucu alikuwa na furaha na wasiwasi kwa pamoja, kwa sababu msemaji wa wageni angekuwa ami wa kijana, Mzee Nyaga, mtu aliyejulikana kwa kuharibu posa. Ilisemekana aliwahi kuondoka nyumba fulani, na posa ikaishia hapo, kwa sababu tu chai ilikuwa vuguvugu.

Na wageni wa posa ni lazima wale ikwa. Ukiwaita wazee wa namna hiyo ukawaandalia kuku na wali na chapati bila ikwa, umewaambia waziwazi kwamba binti huwapi. Tena haiwezi kuwa ya kununua sokoni. Hutoka kwenye shamba la mwenye binti, na mgeni huuliza ni nani aliyeipanda ili amshukuru.

Siku moja kabla ya ugeni, guka alipanda kule juu alfajiri na mti wake wa kuchimbia. Alirudi mapema mno, mikono mitupu. Nungunungu walikuwa wameingia. Tulikwenda wote kuona. Mashimo kila mahali, udongo umerushwa huku na huku, ikwa zimetafunwa hadi vichwani, miba yao imeachwa imetapakaa kama kututukana. Ile ya baba yake ilikuwa imeliwa yote. Ya Njeru pia, na Njeru, mzee wa kanisa wetu, akakaa chini akalia. Shangazi Igoki hakulia. Alianza kuokota mabaki moja moja, akitafuta kipande kizima. Guka alikuwa akigeuza mabaki kwa mguu, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba ni mzee.

"Sasa tutafanyaje?" shangazi akauliza. "Baba, tutawaambia nini?"

Ndipo cucu akajifuta mikono kwenye leso, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na ile ya Wawira?"

Guka akakohoa.

"Ile ya nyuma ya boma," cucu akasema. "Mnanitolea macho ya nini? Mimi ndiye nabeba samadi kutoka hapo. Mlifikiri mimi ni kipofu?"

"Na ulinyamaza?" guka akamwuliza.

"Nilikuwa nangoja nione kama itakimbia."

Nungunungu hawakuwa wamefika huko, labda kwa sababu ya mbwa na harufu ya ng'ombe. Tukaenda. Guka alinipa mti wa kuchimbia mbele ya watu wote, na nilichimba mimi, nikalala chini mimi, mpaka mahali nilipoishiwa nguvu ndipo yeye akalala upande wa pili wa shimo, tukawa tunatazamana pua kwa pua tukivuta. Ilitoka ndefu kuliko mkono wake, nene, haina kidonda hata kimoja, na chini yake kulikuwa na nyingine, na kando nyingine. Cucu alipiga vigelegele ambavyo nadhani vilifika Karurumo. Shangazi Igoki alinikumbatia na matope yangu yote.

Jioni, cucu akimenya, mimi nilikaa karibu na moto na furaha yangu ikaanza kuoza. Nilikumbuka kwamba wageni watauliza. Nikamsogelea guka nikamnong'oneza, "Guka, wakiuliza sema ni yako."

"Kwa nini?"

"Wakisikia ni ya msichana watakataa kula. Watakasirika waende. Shangazi ataachwa."

Akageuza kijinga cha moto. "Nimesikia," akasema. Mtu yeyote aliyelelewa na wazee anajua kwamba nimesikia si ndiyo, wala si hapana.

Wageni wakaja. Mzee Nyaga alikuwa mrefu, mkavu, na kofia ambayo hakuivua. Alikaa kiti cha mbele na kukagua kuta zetu kana kwamba ananunua nyumba. Tuliomba, tukasalimiana tena, chai ikamiminwa. Mimi nilipewa birika nizunguke nikiwaongezea. Kisha cucu akaleta sinia la ikwa, nyeupe, inatoa moshi, harufu yake imejaa chumba kizima. Mzee Nyaga akachukua kipande, akanusa, akauma, akafumba macho. Watu wote walimtazama akitafuna.

"Hii ikwa," akasema hatimaye, "huko kwetu jua lingeipika kabla haijazaa. Ni nani alipanda?"

Shangazi Igoki alikuwa mlangoni. Nikamkazia guka macho: sema ni yako, sema ni yako.

Guka akaweka kikombe chini. "Ni Wawira," akasema.

"Mama wa hapa?"

"Hapana. Huyu mdogo. Huyo ameshika birika."

Kijana mmoja wa upande wao, aliyekuwa amefikisha kipande mdomoni, akakirudisha kwenye sahani taratibu. Mzee Nyaga alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni na kunipandisha tena.

"Mtoto wa kike," akasema.

"Mtoto wa kike," guka akajibu. "Mimi nilimkatia kichwa tu. Shimo alichimba yeye. Samadi alibeba yeye. Jana alilala chini akaitoa. Nikikuambia ni yangu nitakuwa nimekula jasho la mtu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Sikuwa nimewahi kumkasirikia guka, na wakati ule nilimkasirikia na kumpenda kwa pamoja mpaka macho yakaniuma. Mzee Nyaga akatazama kipande kilichokuwa mkononi mwake, nusu yake haiko.

"Na mimi nimeshaila," akasema.

"Umeshaila," guka akakubali.

"Basi kama kuna ubaya, uko tumboni tayari." Akauma tena. Akatafuna bila haraka, akameza, akamgeukia yule kijana wao. "Wewe, kula. Nani amekuambia tumeshiba?"

Chumba kizima kikapasuka kwa kicheko. Nikasikia shangazi Igoki akishusha pumzi mlangoni. Vikombe vikaanza tena kugongana, na nikadhani mambo yangu yameishia hapo, nikashukuru. Lakini Mzee Nyaga alipomaliza kipande chake akapangusa vidole, akamwinamia guka.

"Mzee mwenzangu, mbegu ya namna hii haiuzwi, huombwa. Nipe kichwa kimoja nijaribu kwangu, kando ya mto."

Guka akatikisa kichwa. "Mimi siwezi kukupa."

Watu wakashtuka. Cucu akaacha kukata ikwa. Kumnyima mgeni wa posa!

"Si yangu," guka akasema. "Muombe mwenyewe."

Mzee Nyaga akageuza kiti chake, miguu ya kiti ikakwaruza sakafu, akavua ile kofia yake akaiweka juu ya goti. Alikuwa na upara. "Mwenye ikwa," akaniambia, na hakuwa anacheza, "naomba mbegu."

Nikamtazama guka anijibie. Alikuwa ameinua uso anaangalia mabati, kama mtu asiyehusika. Nikamtazama cucu. Cucu aliniinulia kidevu, akimaanisha nisimame wima.

"Nitakupa," nikasema. "Lakini ungoje mvua."

"Nitangoja," akasema Mzee Nyaga.

Guka akasogea kwenye benchi lake, akapiga ubao kwa kiganja, nikaenda nikaketi, mimi na rinda langu, katikati ya wazee. Shangazi Igoki akaja akachukua birika mkononi mwangu. Akanimiminia chai kwenye kikombe cha wageni, akaniuliza mbele ya wote kama naongeza sukari.

Nikasema ndiyo, nyingi.